Baba, Ile Nyumba ya Kirumba

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana ulikuwa hupendi salamu iachwe bila mwenyewe, na huko uliko sijui kama sauti zetu zinafika.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea kwenye matanga yako. Nisipokusimulia wewe, sina mwingine wa kulicheka vile linavyostahili. Mama nilimjaribu, akaanza kucheka, katikati akalia, nikaacha. Lakini kwanza nikurudishe nyuma, mpaka siku zile Mabula alipokuja kujitambulisha nyumbani. Najua wewe ungeisimulia tofauti, ila leo huna nafasi ya kunikatiza.

Reli ilikuwa imekupunguza. Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa kila mahali, mashirika yanauzwa, viwanda vinafungwa, na kwetu pale Mabatini, Mwanza, kila kibaraza kiligeuka duka la mitumba. Wewe ulirudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema, ambacho ulipewa, na futi kamba ya chuma, ambayo hukupewa. Tangu hapo ukawa huamini tena kazi ya mtu yeyote. Kijana akitajwa nyumbani, hata awe na tai, swali lako lilikuwa moja tu: amejenga? "Mimi nilikuwa na kazi," ulikuwa unasema, "wakanipunguza. Nyumba haimpunguzi mtu."

Na mimi ndiyo nikaenda kumpenda Mabula, ambaye mali yake yote ilikuwa baiskeli na redio.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye ule mradi wa kupima maji ya ziwa, ofisi yetu ikiwa Kirumba, na yeye alikuwa fundi wa kompyuta pale pale. Unamjua: Msukuma wa Misungwi, mrefu, mpole, na herufi ari haijawahi kupita mdomoni mwake salama. Siku ya kwanza aliniambia "Habali za asubuhi," nikajua kwamba kama mambo yataenda vizuri, nitaishi maisha yangu yote na mtu wa kuniletea "malashi".

Kazi iliyotukutanisha ilikuwa ya kuongezea kidude kwenye mashine. Nikueleze tena taratibu, kwa kuwa siku ile hukutaka kuelezwa. Mashine ilikuwa na programu inayojua kuchora madirisha, hayo mapande yanayofunguka kwenye kioo, pamoja na fremu zake na vitufe vya kubonyeza. Kitu ambacho haikujua ni kuchora grafu, ule mstari wa kuonyesha joto la maji linavyopungua kadiri unavyoshuka chini ya ziwa. Kidude cha kufanya hivyo kilitumwa kutoka ng'ambo kwenye diski, lakini kilikuja kikiwa bado ni maandishi matupu. Inabidi mtu akae aiambie mashine isome maandishi yale na kuyageuza kuwa programu. Kazi hiyo, kwa lugha ya mafundi, inaitwa kujenga. Ukishajenga, unasimika, yaani unakiweka ndani ya mashine kianze kazi.

Unaona tulipokuwa tunaelekea.

Mimi jioni nikichelewa nilikuwa namwambia mama, "Leo tumechoka, tulikuwa tunajenga na Mabula." Mama akakufikishia, bila shaka kwa sauti ya chini na kwa furaha kubwa. Kwa hiyo Jumapili Mabula alipokuja, amevaa shati la kuazima, mimi nikiwa jikoni na maandazi, ulikuwa unamsubiri na swali lako, ila safari hii uliliuliza kwa tabasamu. Ukuta wa jikoni unaujua ulivyo mwembamba, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Nasikia kuna kitu unajenga."

"Ndiyo mzee. Tunajenga na Zawadi."

Nadhani ulikuwa unaimeza hiyo ya kwamba binti yako naye ni mwenye nyumba.

"Wapi?"

"Hapo Kilumba, mzee. Ziwa unaliona pale pale."

"Kirumba ziwani?" Nikasikia kiti kikilia, umesogea mbele. "Na mmefikia wapi?"

"Madilisha tayali. Flemu tayali. Vitufe navyo tumeshavijalibu, vinafanya kazi."

"Umeme umeingia?"

"Umeme upo, mzee. Ila unakatika."

"Huo ni wa mji mzima. Sasa mmekwama nini?"

"Maktaba," Mabula akasema kwa huzuni ya kweli. "Maktaba ipo, mzee, lakini haionekani."

Baba, mafundi wakisema maktaba wana maana ya ghala la maarifa yaliyokwisha tengenezwa, ambayo programu inakwenda kuazima, kwa mfano ya hesabu. Wewe hukujua hilo. Wewe uliona kijana wa Misungwi anajenga Kirumba nyumba yenye chumba kizima cha vitabu. Ulimwita mama kwa jina lake la usichana, jambo ambalo hukulifanya tangu nimezaliwa, ukamwambia alete chai ile ya tangawizi.

"Na hilo likishindikana?" ukaendelea.

"Tunabomoa yote, mzee, tunaanza upya. Juzi peke yake tumebomoa mala nyingi."

"Mnabomoa nyumba nzima?"

Nilitoka mbio na sinia, lakini Mabula alikuwa ameshajibu kwamba ndiyo, na kwamba wakati mwingine kosa linakuwa herufi moja tu. Hapo nilikuona umekunja uso, ukihesabu matofali. Kisha ukauliza wanasimika lini, naye akasema Jumamosi Mungu akipenda, ukasema utakuja kuona, akasema, "Kalibu sana mzee," kwa moyo wake wote. Alidhani amepata mkwe anayependa kompyuta.

Nilimweleza njiani nikimsindikiza. Alisimama katikati ya barabara hadi mtu wa mkokoteni akamtukana. "Kumbe mzee anauliza nyumba?" akasema. "Sasa mbona nimemwambia maktaba?" Nikarudi kukueleza na wewe. Nikaanza, "Baba, ile nyumba ya Kirumba," ukanyanyua mkono. "Usinimalizie utamu. Nitaiona mwenyewe." Na ulikuwa unatoka kwa jirani, umeshampa habari. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba Jumamosi utanikatalia, na ukishakataa wewe, hata mama hawezi kukugeuza.

Jumamosi ulikuja na koti lako la reli na futi kamba mfukoni. Tulikuona kupitia dirishani ukiizunguka ofisi ya mradi kwa nje. Ulipima ukuta wa mbele, ukapima na wa pembeni, mlinzi akakufuata nyuma akikushikia mwisho wa futi bila kujua kwa nini. Halafu ukaingia, ukapokea shikamoo zetu, ukatazama dari.

"Hii ni ya mradi," ukasema.

"Ndiyo mzee."

"Ya kwenu iko wapi?"

Mabula alisimama. Hakujaribu kujitetea, wala hakunitazama mimi nimsaidie. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kioo cha kompyuta, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani. "Hii hapa, mzee. Nyumba sina. Ninayojenga ndiyo hii."

Nilisubiri uondoke, baba. Nilishaanza hata kutafuta mkoba wangu nikufuate. Wewe ukavuta kiti, ukavaa miwani, ukasema, "Haya, jengeni nione."

Maelekezo ya ujenzi yaliyokuwa kwenye diski yalikuwa yameharibika, kwa hiyo tulikuwa tumeletewa karatasi yake kwa faksi, imefifia mpaka herufi zinafanana. Mabula ndiye aliyeweza kuisoma kwa kuwa aliijua kazi, na mimi ndiye niliyejua kupiga chapa. Yeye anasoma herufi moja moja, mimi napiga. Na kwa kuwa kila ari ilitoka kinywani mwake ikiwa eli, nilikuwa nimejizoeza: akisema eli, mimi napiga ari. Kazi ilikwenda vizuri kabisa hivyo. Kila tulipomaliza na kuamuru mashine ijenge, ilijenga, ikafika mwisho mwisho, ikagoma. Haioni maktaba ya hesabu. Mabula anakwenda kutazama, maktaba ipo. Anafuta yote, tunaanza tena.

Ulikaa pale ukitazama asubuhi nzima. Iligoma, tukafuta. Ikagoma tena. Mimi nilikuwa nimeshakasirika, nikamwambia asome kwa sauti, mimi si kiziwi, na akisoma kwa sauti nikamwambia asinipigie kelele. Yeye kila mara anasema, "Pole, Zawadi. Tuanze tena," na anaanza tena. Tulipofika ule mstari wa mwisho, akasema, "Kistali, eli, em," nikapiga, na wewe ukakohoa.

"Kasema eli," ukasema.

"Najua baba. Eli yake ndiyo ari."

"Hapana. Hapa kasema eli ya kweli. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sasa nazijua zote mbili."

Tukamtazama Mabula. Akaiangalia faksi, akaangalia kioo, akaipapasa ile herufi kwa kidole. "Ni eli," akasema taratibu. "Eli ndiyo inaiambia mashine iende maktaba." Kumbe katika karatasi nzima eli ya kweli ilikuwa hiyo moja tu, Mabula aliitamka kama ilivyoandikwa, na kila tulipoifikia mimi nikamsahihisha. Nilibadilisha herufi. Mashine ikajenga, haikugoma. Mabula akaingia kwa jina la mkuu wa mashine, maana ndiye peke yake anayeruhusiwa kusimika, akasimika, akaiita grafu, na mstari mwekundu ukajichora kutoka juu ya ziwa ukiteremka hadi kwenye tope.

Ukaitazama kwa muda. Kisha ukatoa futi kamba, ukapima kioo, urefu na upana.

"Ndogo," ukasema.

Tulirudi Mabatini mimi na wewe kwa miguu, na njia nzima hukufungua mdomo ila kumsalimu muuza karanga. Nilikuwa nimeshakata tamaa kabisa. Kwenye chakula cha jioni ndipo uliposema, ukiwa umeinamia sahani, "Mwambie yule kijana alete washenga." Nikakuuliza, na nyumba? Ukaniambia ugali unapoa.

Hukueleza siku hiyo wala siku nyingine. Kwa miaka hii yote nilidhani ulikielewa kile kidude. Nilikuwa nawaambia watu kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kisasa.

Sasa ndiyo nifike kwenye matanga. Siku ya tatu walifika wazee wenzako wa reli kutoka Tabora, wakiongozwa na Mzee Hamisi, yule uliyekuwa unacheza naye bao mkagombana. Walilia kwa heshima, wakala, wakanawa. Halafu Mzee Hamisi akamwita Mabula na mimi pembeni, akafuta kinywa, akasema kwa adabu kubwa:

"Wanangu, najua si wakati wake. Lakini sisi tunaondoka na treni ya kesho, na hatujui kama tutarudi tena Mwanza. Tunaomba mtupeleke Kirumba tukaione ile ghorofa."

Mabula akaniangalia.

"Ghorofa gani, mzee?" nikasema.

"Ile ya kwenu, iliyo ziwani. Marehemu alituandikia wote. Alisema mkwe wake amejenga ghorofa Kirumba, ina maktaba. Alisema aliipima mwenyewe kwa futi."

Baba, nilicheka kwenye matanga yako. Nilijifunika khanga usoni nikacheka mpaka mabega yakatikisika, na kina mama wakanishika huku na huku wakisema mwacheni alie, ni mtoto wa kwanza. Mabula maskini akabaki na wale wazee. Nikasikia akiwaambia kwamba ghorofa imepangishwa na mlango umefungwa, jambo ambalo ni uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema kwa ajili yako.

Usiku wageni walipolala, nikamuuliza mama kama ulikuwa na wazimu. Mama akasema hapana. Akasema ile Jumamosi ulirudi ukakaa kitandani, ukamwambia, nyumba hakuna, hata msingi hakuna. Mama akauliza, sasa? Ukamwambia: "Zawadi kamfokea tangu asubuhi na kazi imemkatalia tangu asubuhi, na yule kijana hajamrudishia hata neno moja baya. Mimi nyumba niliyonayo, ndani yake nafoka kila siku. Watu nitawaambia kajenga. Asije mtu akamcheka mwanangu."

Sikujua, baba. Sikujua kwamba ulikuwa unajisikia mwenyewe unavyofoka.

Nimekukumbuka leo kwa sababu ilinyesha usiku kucha. Tunakaa Buhongwa, vyumba viwili vya kupanga, na bati lina tundu juu ya kitanda. Tulihamisha kitanda gizani, nikamlaumu Mabula kwa bati, nikamlaumu kwa mvua, nikamlaumu na kwa mwenye nyumba. Aliweka sufuria chini ya tundu, akaniambia, "Pole, Zawadi. Lala upande huu." Mpaka leo, baba, bado hajanifokea.

Pumzika sasa, na mimi niwahi kazini.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Zawadi