Spana Namba Kumi

Buffalo, 28 Februari

Kaka yangu mpendwa Reginaldi,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Louisville, wewe, wifi Shami na watoto. Mgongo unaendeleaje? Bado wanakubebesha maboksi kule Jeffersontown, au wamekupa foklifti kama walivyoahidi? Mimi na Isaro tu wazima, ila theluji ya huku ni mgeni asiyejua kuaga.

Najua unashangaa kupata barua. Mwezi mzima hupokei simu zangu, na ujumbe wangu unaujibu "sawa" basi. Barua huwezi kuikata katikati. Keti, soma mpaka mwisho, ndipo unikasirikie vizuri.

Unakumbuka ile kazi ya kumtunza bibi mmoja kule Amherst? Ndiyo kazi niliyoiombea miaka miwili ili nitoke ghalani. Sharti lilikuwa moja: kwa kuwa nitampeleka bibi kliniki kwa gari langu, gari liwe na stika halali ya ukaguzi kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Machi. La sivyo kazi anapewa mwingine. Huko kwenu hakuna anayeliuliza gari linatoa moshi gani. Huku kila mwaka lazima lipimwe, nalo gari ulilonipa lina miaka ishirini.

Mwezi wa kwanza nikalipeleka. Nilidhani mpimaji atainama kwenye bomba la moshi. Wala! Alichomeka waya chini ya usukani, akaiuliza kompyuta ya gari. Kompyuta haikuwa na jibu lolote, kumbukumbu tupu kabisa. Akaniambia limeanguka. Akaongeza kwamba watu wanaouza magari magonjwa huwa wanaifuta kumbukumbu hiyo ili ugonjwa usionekane, na akaniuliza nililipata kwa nani. Nikasema kwa kaka yangu. Alinitazama kwa huruma, kaka, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

Aliniagiza niliendeshe wiki nzima, mjini na kwenye barabara kuu, kompyuta ijifunze upya, kisha nirudi. Nikaendesha. Nikarudi. Tupu tena. Nikampelekea fundi Rugaba, Mkongomani tunayesali naye. Akabadilisha mfuniko wa tangi la mafuta, akakagua nyaya na vihisio vyote, akasema hili gari ni zima. Nikaendesha wiki nyingine. Mara ya tatu, tupu! Nililia pale pale kwa mpimaji, mtu mzima na koti langu la kazi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Rugaba akafungua boneti upya na kuinama muda mrefu. Kisha akaniita. Akanionyesha kwamba kila nati humo ndani imeliwa na kutu, isipokuwa moja, nati ya betri, inayong'aa kama sahani ya harusi. Akaniuliza, "Bon, dada, nani anafunguaka hapa?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mimi, navua waya wa betri kila jioni nikitoka kazini na kuurudisha asubuhi, tangu baridi ya Novemba ilipoua betri ya jirani.

Wewe unajua nimeyatoa wapi. Kule kambini Mtabila, baba akishamaliza kusikiliza habari, nani alikuwa anavua waya wa betri ya redio? Mimi, kwa spana yake namba kumi. Alikuwa akisema betri haifi kwa kazi, hufa kwa kusahauliwa. Kwangu ni kama kufunga mlango. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona la kusema.

Rugaba alicheka mpaka akashika ukuta. Aliponyamaza akanieleza kwamba kumbukumbu ya kompyuta ile inaishi kwa betri. Yale ambayo gari lilijifunza mchana, mimi nayafuta jioni, kila siku ya Mungu. Akaniamuru nisiiguse tena. Wiki ile usingizi ulinipita, naisikia betri ikifa kwenye baridi. Haikufa. Jana gari limepita, kaka! Stika iko kwenye kioo, na keshokutwa naanza kazi.

Sasa lile gumu. Uliponiuliza kama kweli nilimwambia shangazi Angelika wa Columbus kwamba umenipa gari bovu na kuficha ugonjwa wake, nilikana. Nikasema shangazi anapenda kutia chumvi. Nilikudanganya. Nilisema mimi, tena kuliko ulivyosikia. Nilisema hata saa ya gari ni mbovu, kila asubuhi inaonyesha saa sita kamili. Saa ile niliiua mimi kwa spana. Wewe uliyebaki kuomba lifti ya kwenda kazini ili mimi nipate gari, nilikuita mwongo mbele ya shangazi, kisha nikakudanganya wewe mwenyewe. Naona aibu. Nisamehe.

Jana jioni nimempigia shangazi, nikamweleza yote kwa kinywa changu. Akasema, kumbe marehemu kaka yake bado anatuzimia redio. Tukacheka, tukalia. Amesema Pasaka tukutane kwake sote. Nitakuja na gari lako, na saa yake itakuwa inasema kweli.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu mmoja mmoja. Isaro anamwulizia mjomba wake kwa Kiingereza, lakini anamwulizia. Katika kifurushi hiki kuna kitu kizito nimekifunga kwa kitambaa. Ni spana ya baba. Ikae kwako, kaka. Mkono wangu haujaaminika bado.

Mdogo wako akupendaye,
Spés