Gari la Marehemu Lina Makengeza

Mshauri,

Mke wangu amekufa. Figo. Tumeshamzika. Sikuandikii kuhusu hilo, hilo halina ushauri. Nakuandikia kuhusu gari lake.

Naomba unisaidie, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Ukimaliza cheka, kila mtu anacheka. Mimi ni kibarua wa ujenzi. Nachanganya zege, nabeba matofali. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, hatukuelewana. Gari sijui kuendesha. Dereva alikuwa mke wangu. Alikuwa na kile kigari cha zamani cha mgongo wa kobe, injini iko nyuma, aliachiwa na baba yake, na kila asubuhi ananishusha saiti halafu ndio anakwenda kwenye cherehani yake, mpaka wenzangu wakanibatiza Abiria. "Abiria kafika! Umelipa nauli leo?" Nilikuwa nacheka nao. Walikuwa wanatembea kwa miguu, wacheke tu.

Sasa, mke wangu alipenda magari yaliyolala. Lake alilishusha mbele mpaka kuku hapiti chini yake. Basi kila kona tairi linasugua madigadi, krrrr, nikawa namwambia, mama, gari lako linasaga mahindi. Akasema dawa yake ni ekseli ya mbele iliyofupishwa, yaani yale mabomba mawili ya chuma yanayobeba magurudumu ya mbele yanakatwa yanachomelewa upya yanakuwa mafupi, magurudumu yanaingia ndani kidogo, hayasugui tena. Akaenda kwa mchomeleaji akatengenezewa. Ikaja nyumbani, ikalala chini ya kitanda chetu, yeye akaanza kuumwa. Kila nikiamka najigonga kidole. Nikamwambia watu chini ya kitanda wana ndala, sisi tuna chuma. Akasema, "Nikipona naifunga."

Hakupona. Nikaifunga mimi.

Hapo ndipo ujinga wangu unapoanza. Kaka wa marehemu, shemeji yangu, ni fundi magari, gereji yake iko mtaa wa pili. Alisema, "Shemeji, lete nikufungie." Nikamwambia kazi ya mke wangu naimaliza mwenyewe. Jeki na spana nikaazima kwake huyohuyo. Nikafungua ekseli ya zamani. Bolti moja ikagoma, nikaipiga kwa nyundo ya kuvunjia zege, ikalegea, na kioo cha taa kikavunjika, mpaka leo sijui kilihusika vipi. Nikaingiza ile fupi. Ikakaa. Nikajisifu kwa sauti, peke yangu. Kisha nikarudisha zile fito mbili zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu, mafundi wanaziita tairodi. Zilezile za mwanzo. Ekseli fupi, fito ndefu. Mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilizisukuma kwa goti mpaka zikaingia.

Nikashusha jeki. Magurudumu ya mbele yakatazamana kama wambea wawili.

Binti yangu akatoka jikoni. Akainama. Akainama tena.

"Baba, gari lina makengeza."

"Yakifupishwa huwa hivyo."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe si abiria? Umepandishwa cheo lini?"

Akacheka mpaka akakaa chini, ndio mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nikacheka, halafu katikati ya kucheka akalia, na mimi nikajifanya natafuta spana.

Shida yenyewe hii hapa. Binti ni mkunga. Amepata kazi mji mwingine, mwanzo wa mwezi aripoti. Vijiji vya huko viko mbalimbali, ndio maana mama yake alimwachia gari. Anasubiri gari tu. Shemeji alipita akaangalia, akashika kiuno, akasema, "Fito zifupishwe. Nipe siku moja." Nikasema nitazifupisha mwenyewe. Na kila siku naingia chini ya gari nalala chali, na mshauri, sifanyi kitu. Nasikiliza. Miguu ya binti inapita, sufuria inalia, anaimba vibaya. Akiuliza nasema bado kidogo. Gari likipona anaondoka, na akiondoka nabaki na cherehani. Jana kasema, "Baba, naondoka nalo hivihivi, nitaendesha polepole." Ataondoka kweli, kichwa ngumu kama marehemu. Nimeficha funguo kwenye pipa la unga. Msimamizi wa saiti anauliza narudi lini, namwambia nikimaliza gari.

Nifanyeje? Nilinyooshe aende, au niliache na makengeza yake binti abaki?

Ni mimi, Abiria.

MSHAURI ANAJIBU

Pole, ndugu yangu. Pole sana. Na nimecheka, kwa kuwa umeruhusu, pale kwenye goti.

Sasa nisikilize. Fito hazijakushinda. Dawa yake unaijua, shemeji yako amekutajia bure. Unachofanya ni kumfungia mtoto ndani, ila badala ya kufuli umetumia gari. Ungemwambia tu "baki mwanangu," angalau angepata nafasi ya kukujibu. Sasa anamjibu nani, jeki?

Na huo mzaha wa makengeza uishe. Gari ambalo magurudumu yake yanatazamana halishiki barabara. Linakula tairi, linavuta huku na huku, siku anakimbilia mama mwenye uchungu linampeleka mtaroni. Umetoka kuzika mtu juzi, halafu unalala chali chini ya hatari unasikiliza sufuria! Unaogopa aondoke, na unamwandalia njia ya kuondoka moja kwa moja. Umeliona hilo au nilirudie?

Toa funguo kwenye unga. Leo. Kwanza, umeficha funguo kwenye unga katika nyumba ambayo mpishi ni yeye. Ameshaziona zamani, ndugu yangu. Amenyamaza kukustahi.

Zipeleke kwa shemeji. Yeye afupishe fito, anyooshe magurudumu, akague breki na kila bolti uliyoigusa, hasa ile uliyoionyesha nyundo. Usione haya. Hata wewe usingekubali yeye akuchanganyie zege. Aliyekufa ni dada yake, na yeye pia anatafuta pa kuweka mikono, kwa nini msiba unautaka wote peke yako? Nenda ukashike taa.

Kisha kaa na binti yako, juu ya kiti, si chini ya gari, umwambie kwamba unaiogopa nyumba. Usimwombe abaki. Mwambie tu, basi, unyamaze, umsikilize na yeye. Akiondoka, mpangane siku ya kupigiana simu, na siku hiyo usijifanye unatafuta spana. Halafu jifunze kuendesha, shemeji atakufundisha. Ukitaka kumwona mwanao uende mwenyewe.

Na kazini urudi. Ulisema utarudi ukimaliza gari. Gari linamalizwa na mwenye ujuzi, kwa hiyo kisingizio hicho nimekunyang'anya.

ABIRIA ANAANDIKA TENA

Mshauri,

Alikuwa anajua. Nilipozitoa funguo aliniambia, "Nilikuwa nachota unga pembeni, Baba, nisizisumbue."

Shemeji alipoziona bolti alipiga mluzi. Kwake hayo ndiyo matusi. Kabadilisha zote. Nilishika taa, akaniambia, "Shemeji, mulika gurudumu, uso wangu unaujua." Tulipomaliza tukalisukuma nje ya gereji, tukalitazama. Linaangalia mbele. Limelala chini vizuri, kama alivyotaka. Shemeji akaweka mkono juu ya bodi. Nikazima taa.

Binti nilimwambia. Nilisema, "Naiogopa hii nyumba." Nilidhani atalia. Akasema, "Na mimi naogopa kule. Sijui mtu." Mshauri, hilo sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Nililala chini ya gari siku zote zile nikijiona mwoga peke yangu.

Ameondoka leo asubuhi. Alishusha kioo akasema, "Baba, kula," nikasema, "Shika usukani kwa mikono miwili," mimi nisiyejua hata kuwasha.

Nimepafagia pale gari lilipokuwa. Msimamizi nimempigia. Kesho narudi kazini.