Sentensi Niliyokutafsiria

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua tu. Nakuomba kitu kimoja: usimpigie mwanao simu kabla hujamaliza kusoma.

Uliponikabidhi mtoto ulisema nimfundishe Kifaransa kama wengine, nisimfiche nyuma ya darasa. Nilijitahidi, dada. Nilimkalisha mbali na dirisha kwa kuwa kelele humvuruga, nikamchorea kadi za picha, swali la kesho nikawa nampa leo alizoee. Wenzake wanamwita Kasuku, maana ukimuuliza jambo anakurudishia swali zima, pamoja na kikohozi chako. Ila kwa matamshi ananiacha mbali mimi mwalimu wake.

Sasa ni wiki ya tatu hagusi kadi. Nikiingia darasani anainuka, anasimama mlangoni na begi mgongoni mpaka kipindi kiishe. Nyumbani anakula amesimama. Nikimuuliza kulikoni, ananijibu kwa ile sentensi moja ya Kifaransa, tena kwa sauti yangu mimi. Dada, naogopa kuingia darasani kwangu mwenyewe.

Sentensi hiyo unaijua. Aliitamka kwenye simu, ukaniuliza maana yake, nikakwambia ni "nakupenda sana, mama". Ukafurahi, ukataka nikufundishe, na tangu hapo kila Jumapili unamwambia.

Nilikudanganya. Siku moja mwalimu mkuu aliingia darasani kuniuliza kama mwanao afanye mtihani wa kuzungumza mbele ya wakaguzi. Mtoto alikuwa ameketi hapo hapo, kati yetu. Nikajibu kwa Kifaransa ili asielewe, mimi niliyemfundisha kila neno. Nilisema: huyu hatufai, mwondoeni. Niliogopa kuaibika, sina sababu nyingine. Nilijipa moyo kwamba anakariri tu.

Leo asubuhi nimekuta amekunja nguo zake zote na kuzipanga kitandani. Safari hii hakurudia maneno ya mtu. Aliniuliza, kwa lugha yetu, kama mama naye amesema aondolewe, sasa anapelekwa kwa nani.

Njoo mwenyewe, dada, simu haitoshi. Kunichukia utanichukia baadaye, nitakuwepo.

Msalimie shemeji, na umfiche haya mpaka ufike.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu