Mzigo Haukukwama Bandarini

Mombasa, Jumapili asubuhi

Papa yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi binti yako wa kwanza. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na mguu wako wa kushoto haukusumbui sana kwa baridi ya huko. Presha je? Unameza dawa, au unamdanganya mdogo wangu Kavira kwamba umemeza? Yale matundu ya paa yamezibwa, au bado mnalala wote kwenye chumba cha mbele? Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, nasali. Uniwie radhi kwa mwandiko. Najua mwalimu hastaafu, utaisoma barua hii ukiwa na kalamu nyekundu mkononi kama kawaida yako. Leo nakuomba uiweke chini.

Barua uliyompa Mama Devota, yule mwenzangu wa kuuza vitenge, niliipata Ijumaa. Umeniambia kwamba misa ya siku arobaini ya mama itasomwa baada ya wiki mbili, na kwamba umemwomba padri aweke nia mbili: ya kwanza kumwombea mama, ya pili kumshukuru Mungu kwa ajili yangu, kwa kuwa aliuzuia mzigo wangu bandarini wakati mabomu yalipokuwa yanaanguka Goma. Unataka niandike ushuhuda, Kavira ausome mbele ya waumini kabla ya baraka. Umesema niuandike vizuri, kwa sababu watu wa hapo wamechoka na wanahitaji kusikia kuna mtu mmoja aliyeponywa.

Nilianza kuuandika, Papa. Nimechana karatasi tatu. Kwenye simu nisingeweza kukueleza, maana Kavira huiweka spika na nyumba nzima inasikiliza, mpaka na jirani. Kwa hiyo ushuhuda wangu ndio huu, na wewe utaamua kama unafaa kusomwa kanisani. Mzigo haukukwama. Karatasi za forodha zilipigwa muhuri Jumanne asubuhi, lori likaondoka siku ile ile kabla ya saa kumi. Ningepanda basi jioni hiyo, Ijumaa ningekuwa mezani kwako nakula sombe.

Nilibaki kwa sababu naupenda mji huu. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Acha nikueleze ulivyoanza upendo huo, usije ukafikiri kuna mwanamume. Hayupo. Mara ya kwanza nilipokuja Mombasa, mwaka uliofuata ule niliofiwa na mume wangu na kurudi kwako, mzigo ulikwama kwelikweli. Siku tatu sikuwa na la kufanya. Nikaenda pwani, nikavua viatu nikaviweka juu ya jiwe kavu, nikatembea kwenye maji kama tunavyofanya Kivu. Sisi watu wa ziwa tunajua maji yanakaa pale pale yalipo. Niliporudi, jiwe halikuonekana, na kiatu kimoja kilikuwa kinaelea mbali. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga viazi karai alicheka mpaka akakalia ndoo yake. "Mwanangu," aliniambia, "hii bahari hujaa na hupwa. Kwenu maji hayendi matembezi?" Huyo ndiye Bi Rukia. Alinipa kandambili zake, kisha chumba, na tangu hapo kila nikija nafikia kwake.

Nilicheka na mimi, Papa. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Na usiku nikalala mpaka kukacha, kwa sababu hapa ukisikia kishindo ni mlango.

Nyumbani mimi ni Masika wa kila mtu. Mtoto akiugua, Masika. Kukiwa na kilio, Masika alete mchele. Mdogo wangu Kambale akigombana na mke wake, aitwe Masika. Silalamiki, ni kazi ya mtoto wa kwanza na niliifanya kwa moyo. Lakini hapa hakuna aliyeniita kwa muda wa siku mbili, tatu. Nilipanda feri ya Likoni kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, nasimama tu na watu wa kazini, upepo unanipiga usoni. Nilikula mahamri na mbaazi. Nilipita vichochoro vya Mji wa Kale nikiangalia milango, nikakaa ukutani kutazama maji yakirudi nyuma na kuacha nchi kavu, jambo ambalo mpaka leo silizoei. Nilikuwa peke yangu na nilikuwa na furaha. Basi mwaka uliofuata nikasema uongo mdogo: "Bandari wanatuchelewesha." Mwaka mwingine tena. Nyinyi mkanihurumia, na wewe ukawa unajisifu kwa wazee wa jumuiya kwamba binti yako anapigana na bandari. Nami nikaila ile sifa.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ile.

Mama alinipigia mchana. Nilikuwa pale ukutani, sahani ya viazi mapajani, na Bi Rukia ananipakulia ukwaju. Nataka nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu wewe ulikuwa umetoka na hukuyasikia.

"Masika, uko wapi sasa?"

"Ningali Mombasa, mama. Mizigo haiyatoka. Wanasema kesho."

"Huku watu wanavuka mupaka ku Gisenyi tangu asubuhi. Papa yako anasema tuende. Miye nimekatala. Nitaacha mutoto wangu afike, akute nyumba imefungwa, hajue tuko wapi? Tutakungoja weye, tutavuka wote pamoja."

Hapo, Papa, ningeweza kusema neno moja. Nendeni. Ningeweza hata kusema nimekosa, mzigo ulitoka Jumanne, sina ninachongoja, vukeni leo. Lakini ningesema hivyo, angejua nimemdanganya, na sikutaka ajue. Nilijiambia miaka yote hii tunasikia vita iko karibu, watu wanavuka, wanalala siku mbili, wanarudi na magodoro yao kichwani. Nikamwambia, "Sawa mama, Jumamosi nitatoka."

"Usihangaike, mutoto. Bandari ni bandari. Siye tuko tu hapa."

Jumamosi sikutoka. Kulikuwa na harusi kwa jirani wa Bi Rukia na wanawake walinipaka hina. Nilisema Jumatatu. Jumatatu simu zenu zote zilikuwa kimya. Jumatano ndipo mdogo wangu Paluku alipopata mtandao, akaniambia bomu limeanguka nyuma ya nyumba wakati mama anawasha mbabula apike uji, na kwamba wewe ulikuwa ndani, na kwamba ameshazikwa. Aliniambia udongo wa huko ulivyokuwa mgumu, mawe ya volkano matupu, walivyochimba na Kambale tangu asubuhi kwa chuma cha kuazima, huku risasi bado zinalia, na kaburi halikufika kina. Hakunilaumu. Alisema, "Mungu alikuzuia huko, yaya, dada yangu." Mikono yangu ilikuwa bado na hina. Nilipokea rambirambi za watu kumi na wawili kwenye simu siku hiyo na wote walishukuru bandari.

Nimekwenda kuungama hapa, kwa padri nisiyemfahamu. Niliungama uongo, akanipa rozari. Lakini sikuweza kumwambia kwamba siku zile sita zilikuwa siku nzuri. Wewe nakuambia. Wakati mama anakataa kuvuka kwa ajili yangu, mimi nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote wa mwaka ule. Na kibaya zaidi ni kwamba bado naupenda mji huu. Nilidhani ningeamka siku moja nimeuchukia, ingekuwa rahisi. Asubuhi hii nimetoka kanisani, nimepita ufukweni, na moyo wangu umefurahi kabla sijauzuia. Kisha nikalia mbele za watu, kina mama waliokuwa wanauza mihogo wakanipisha nikae kivulini.

Kuna na uongo mwingine, niumalize kabisa. Nimekuwa nikikuambia njia imefungwa ndiyo maana sijafika. Wiki tatu sasa watu wanapita kwa Kampala na Kigali mpaka Gisenyi, Mama Devota mwenyewe alipita hapo. Sikuja kwa sababu nilijua mnaningoja nifike ndipo Paluku na Kambale wanyoe nywele, kilio kiishe, na sikujua nitakaaje katikati yenu mnaponipapasa na kusema ahsante Mungu.

Kwa hiyo nakuomba, Papa, umwendee padri na uondoe ile nia ya pili. Misa iwe ya mama peke yake. Ukitaka barua hii isomwe yote mbele ya watu, Kavira aisome, na asiruke mahali. Ukitaka ibaki mfukoni mwako, sitakuuliza. Na ukisema nisiguse mlango wako, nitakwenda kwa masista nikaombe pa kulala, na nitakaa karibu na kaburi mpaka utakapochoka kunikasirikia, au usichoke.

Msalimie Paluku aliyemzika mama, mwambie nimeyasikia maneno yake na sikuyastahili. Msalimie Kambale na mke wake, waache kugombana sasa, nyumba imebaki ndogo. Kavira mwambie simwonei wivu, lakini ndiye aliyefanya kazi yangu na mimi nikachukua jina. Shangazi yangu wa Himbi, dada yako, mwombe anisalie, yeye anajua kusali bila kuuliza. Bi Rukia anakupa pole nyingi. Yeye hajui habari hii, anadhani nalia kifo tu.

Nimeshakata tiketi. Nitakuja kwa basi, Kampala, halafu Kigali, halafu Gisenyi, na barrière, kizuizi cha mpakani, nitavuka kwa miguu. Siku ya kufika sikuambii. Nasikia huko bado hakujatulia, watu wanasema mambo yanaweza kuanza tena. Yakianza, Papa, chukua dawa zako, shika mkono wa Kavira, fungeni nyumba muvuke saa hiyo hiyo. Nikikuta mlango umefungwa, nitawatafuta. Nakuomba kwa magoti, msiningoje.

Mutoto wako,
Masika