Mashine ya Khisa Imeombewa

Rose, uko? Acha hicho unachofanya unisome.

Si ndugu yangu Khisa alinunua ile mashine ghali ya kucheza muziki wa mtandao juzi? Nilimuuliza, kampuni ikichoka nayo utafanya nini? Akaniambia, "Nasambu, ibebe kwanza. Chuma tupu! Hii wajukuu wangu watairithi." Ati uzito! Kama mtu anayechagua jogoo sokoni Lubao!

Na akakataa kuiwasha kabla haijaombewa. KUOMBEWA, Rose.

Sasa leo pasta amekuja. Ingokho wawili, kuku wa kumkaribisha pasta, wamechinjwa, majirani wamejaa, mashine imekalishwa kwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Pasta akaiwekea mikono. "Bwana, idumu kizazi hata kizazi."

Tukasema amina. Khisa akawasha.

Kioo kikaandika kwamba kampuni iliacha kuhudumia modeli hii mwezi jana, kwa hivyo haitacheza. Mwezi jana! Na pasta bado hajatoa mikono!

Khisa anazima, anawasha. Anazima, anawasha. Mwishowe anatugeukia: "Lakini chuma chake ni kizuri."

Aki nilitoka nje nikacheka hadi nikashika ukuta.

Mama aliingia jikoni akaleta redio yake, ile imefungwa na mpira wa baiskeli tangu nikiwa darasa la nne. Akaipiga kofi moja, ikaimba. Majirani wakaanza kula.

Na hiyo, Rose, hakuna mtu amewahi kuiombea.