Bao Langu la Fainali

Mlandege, Mjini Unguja
8 Aprili 2025

Kwa shemeji yangu Kheir, Chwaka,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mkono wa Idi, ingawa Idi imeshapita na mkono wangu hukuushika. U hali gani, na mgongo je? Khairat aliniambia ulikusumbua Ramadhani nzima, hata tarawehe ukisali umekaa kitini. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila sukari inapanda na kushuka kama iko kwenye bembea.

Nimekupigia simu mara nne, inaita hupokei. Basi nimeona niandike, na kwa kweli kwenye karatasi haya zinanipungua. Barua nampa dada yangu Khairat mkononi akuletee. Hajui kilichomo.

Kwanza habari njema. Mwaka huu Mungu amenijaalia, nimo kwenye msafara wa Hija. Tunaondoka Jumatano, tarehe 14 Mei. Nawe unajua mtu havai ihramu huku nyuma yake kaacha watu na vinyongo vyao. Nimeshapita kwa majirani, kwa Mbarouk kinyozi, hata kwa mke wangu wa zamani, ambaye alinisamehe huku anacheka, na kicheko chenyewe sikukipenda. Umebaki wewe.

La pili, baraza letu la wapenzi wa timu ya Kimbunga linamfanyia mfungaji wetu wa zamani, Mahfoudh Sindano, hafla, Ijumaa ya tarehe 2 Mei baada ya Alasiri. Goti limemkatalia kabisa kule Kidichi, hata mikarafuu yake anawaachia watu wachume. Wenzangu wamesema tumuenzi angali hai, tusingoje kuja kumsomea hitima. Desturi yetu unaijua, kila bao la Sindano lina mwenyewe. Bi Biasha muuza kanga ana lile la kichwa, lililofungwa mvua inamwagika. Mpaka leo akilisimulia hujifunga kibwebwe. Mbarouk ana lile alilompita beki, kisha akarudi akampita tena, kama mtu aliyesahau funguo. Bao la mwenzio hulisimulii, na mwenye bao akifa linarithiwa. La fainali ya mwaka 2002 ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kibendera upande ule, na hakuna aliyekuwa karibu kunishinda.

Shemeji, lile bao Sindano alikuwa ameotea. Hatua mbili nzima. Niliona, na kibendera sikukinyanyua. Nimekaa nalo miaka ishirini na tatu. Wewe ndiye uliyekuwa golini kwa Bahari Njema siku ile, na wewe ndiye nnayekuomba radhi. Tafadhali nijibu.

Shemeji yako,
Machano


Mlandege
19 Aprili 2025

Shemeji Kheir,

Assalamu alaikum. Natumai mgongo umepoa na watoto hawajambo. Huku tu wazima wa viungo, moyo ndio haukai.

Leo siku ya kumi na moja. Khairat ameniambia uliisoma barua umesimama mlangoni, ukaikunja, ukachukua jembe ukaenda kupalilia shamba ambalo ulishalipalilia. Hakuniambia zaidi, na mimi niliona haya kumuuliza.

Dukani sijielewi. Juzi kaja binti ananunua zipu nyeupe ya gauni la harusi, nimempa nyeusi. Mama yake akairudisha, akaniuliza kama nimesikia kwao kuna msiba. Nakaa, nasimama, natoka mpaka njiani, narudi. Nilikwenda kwa sheikh wetu nikamweleza bila ya kutaja majina. Akanambia haki ya Mungu Mungu husamehe, lakini haki ya mja haifutwi na Hija mpaka mwenyewe aiachilie.

Basi nikueleze yote, maana nusu nimeishi nayo muda mrefu. Siku ile nilijiambia nikinyanyua kibendera uwanja mzima utasema Machano anamuokoa shemeji yake. Wewe na Khairat ndiyo kwanza mna miezi saba ya ndoa. Hiyo sababu nzuri, na ingekuwa peke yake ningetulia. Lakini haikuwa peke yake. Mimi nilikuwa Kimbunga, kibendera mkononi na Kimbunga moyoni. Unakumbuka Sindano alivyokuwa akiupokea mpira? Kama mtu aliyepewa mtoto kalala, hataki aamke. Alipoupokea pale nikasema ndani ya nafsi yangu, mwache amalize nione. Nikaona. Na Mungu anisamehe, shemeji, nilifurahi.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Shemeji yako,
Machano


Chwaka
23 Aprili 2025

Kwa Machano,

Waalaikumu salaam. Mgongo unaendelea. Watoto wazima. Hongera ya safari, Mungu aitakabali.

Hukuwa na haja ya kuniambia kuwa aliotea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama. Na bao lenyewe silo nnalokushikia. Nimefungwa mengi, mengine ya kijinga kuliko hilo. Sindano hata mimi nilikuwa nampenda, ila nilimpenda kwa woga. Kipindi cha kwanza siku ile ile aliachia shuti, nikalitoa kwa ncha za vidole. Alinifuata mpaka golini, akanishika kichwa, akanambia, "Kipa, leo umekula nini?" Hilo barazani kwenu halina mwenyewe.

Nnalokushikia ni hili. Nilinyanyua mkono, nikasimama, nikakutazama wewe. Mpira sikuufuata kwa sababu nilijua shemeji yangu anaona. Ukanipita ubavuni taratibu, kama kuku anavyopita uani. Jua halijazama mji mzima unasema Kheir kauza mechi, kasimama kusudi. Biasha akanitungia wimbo, Kheir Bahasha, watoto wakauimba mpaka madrasa. Mama alikwenda sokoni Darajani, wakamuuliza ile bahasha imemnunulia kanga doti ngapi. Hakwenda tena sokoni. Tukahamia huku kwa wajomba zangu, na mama kafa jina lile bado limo ndani ya nyumba.

Na wewe Idi ile ulikuja, ukala biriani yetu. Neno lako moja lingetosha, kwamba mkono wa Kheir ulikuwa wa haki.

Leo unaniomba radhi kwa siri, kama ulivyonyamaza kwa siri. Mimi jina nilipewa hadharani. Kalisafishe hadharani, hapo hapo barazani, mbele ya Biasha na mbele ya Sindano mwenyewe. Ukishasema, niandikie. Sikuahidi kitu. Nitatazama moyo wangu una nini.

Shemeji yako,
Kheir


Mlandege
4 Mei 2025

Shemeji yangu Kheir,

Assalamu alaikum. Ukoje, na nyumba nzima ikoje? Mimi nipo, ila hivi naandika kwa haraka, ukiona herufi zimepinda nistahi.

Nimesema. Lakini ngoja nikupe kwa mpango wake.

Jumatatu nilikwenda Kidichi. Nilitaka Sindano alisikie kwanza kwangu, si mbele za watu. Nikamkuta anakwangua mdalasini, goti kalifunga kitambaa, na furaha aliyonipokea nayo ilinimaliza. Akanambia, "Hebu nipigie zoezi, Machano, nilisikie bao langu kabla ya Ijumaa." Nikampigia zoezi. Nilimsimulia vile vile nnavyosimulia kila mwaka. Nilirudi na mfuko wa kungu manga alionipa, nikajiona mwizi.

Ijumaa watu walijaa. Sindano kaja na kanzu mpya na mkongojo. Bi Biasha kasimulia bao lake la mvua, kibwebwe juu, watu wakacheka mpaka machozi. Mbarouk kalisimulia la beki, na beki mwenyewe alikuwepo, mzee Shaame, akasema, "Mimi nilikuwa namsindikiza tu." Kisha wakaniita mimi.

Nilianza kama siku zote, kona ile, pasi ile, yeye anaipokea. Nikafika pale, nikamtazama Sindano. Mbarouk akanisukuma, sema bwana. Nikasema, "Alikuwa ameotea. Niliona, na sikunyanyua. Kheir alisimama kwa sababu alikuwa anamsubiri mtu mkweli, na mtu mwenyewe alikuwa mimi. Hakupewa bahasha wala hakuuza kitu."

Wa kwanza kusema alikuwa Mbarouk, kwamba huyu haji gani, hata Makka hajafika ashatuvunjia kombe. Wengine wakamdakia, mmoja akasema sukari imenipanda kichwani. Bi Biasha alijivutia kanga mpaka usoni, akabaki hivyo.

Sindano ndiye aliyeniumiza. Aliinuka na mkongojo wake, akanikaribia, akasema polepole, "Miaka yote hii nikijiuliza kwa nini kipa kama Kheir alisimama. Nilidhani kaniogopa. Wajukuu zangu nimewaambia hivyo, kuwa Kheir aliniogopa mimi." Halua hakuigusa. Akamwita mpwa wake amrudishe Kidichi. Hakuniaga.

Jana barazani nilipokaribia watu walisogea kunipisha, nafasi kubwa kuliko nnayohitaji. Nimekaa kidogo nikaondoka. Sijui nimetengeneza au nimebomoa. Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi, kumbe uzito umehama bega tu. Sindano nitamwendea tena, anifukuze akitaka. Wewe sikushurutishi. Zimebaki siku kumi.

Shemeji yako,
Machano


Chwaka
9 Mei 2025

Kwa shemeji Machano,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sukari yako ipoje? Khairat anasema ule, usijifungishe kwa mawazo. Mimi mgongo leo umenipa ruhusa, nimesali nimesimama.

Barua yako nilikuwa nimeshapata habari zake kabla haijafika. Mji huu wetu barua haina mbio za kumpita mtu.

Jana alikuja Bi Biasha. Nilimwona tangu anashuka njia kuu, mtu mzima, anauliza nyumba. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama uani akaomba aoneshwe kaburi la mama. Khairat akampeleka. Walikaa huko mpaka adhana ya Alasiri, na waliporudi hakuna aliyeniambia walisemezana nini. Alikunywa chai, akaondoka.

Sindano naye kanipigia simu. Nilipokea. Aliniuliza bila ya salamu, "Kheir, kweli hukuniogopa?" Nikamwambia nilimuogopa dakika themanini na tisa. Ilibaki moja tu, ambayo nilikuwa namtegemea mshika kibendera. Akacheka, kicheko chake kile kile cha uwanjani. Mwendee. Sidhani kama atakufukuza.

Sasa langu na wewe. Nimekuwia radhi, Machano, duniani na akhera, nenda ukahiji. Khairat ni shahidi, yuko hapa naandika anatazama. Lakini nisikudanganye, maana kudanganyana tumeshachoka. Hayo ni ya ulimi. Moyo uko nyuma, unakuja kwa miguu. Ukisimama Arafa, niombee ufike.

Khairat atakuletea barua hii kesho asubuhi. Nijibu upesi kabla ya Jumatano, nijue imekufikia mkononi.

Shemeji yako,
Kheir