Siku Igeukapo Magharibi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Baada ya alasiri nimelisoma tena faili la Nabiha, na moyo umekuwa mzito.

Mambo yenyewe ni haya. Binti huyu wa Mji wa Kale alitunga programu ya simu: nyakati za sala, pamoja na dua na nyiradi za kila siku. Mwaka jana aliionyesha kampuni moja ya Nairobi akitafuta mtaji. Wakamshukuru, wakamnyima. Kisha wakatoa programu ya kwao, wakaisajili, na — subhanallah! — wakamshtaki yeye kwa kuiga kazi yao. Rasimu zake za mwanzo zilikuwa ndani ya kompyuta iliyoibiwa kivukoni, Feri. Tukishindwa, ataamriwa aifute kazi ya mikono yake na asiiguse tena.

Kaizar, wakili wao, amenipigia simu. Alijifunza uwakili ofisini kwangu, na adabu hajaisahau. Akanikumbusha kwamba wao wana cheti nasi hatuna. Haki miliki haizaliwi na cheti, hilo sote twalijua. Lakini cheti ni ushahidi, na ushahidi wetu ni neno la mtu tu.

Kesi yasikizwa Alhamisi.

Jumanne, 4 Novemba

Alhamdulillahi! Niandike taratibu, nisiache kitu.

Baada ya sala ya magharibi nilibaki msikitini na simu mbili mbele yangu, moja ina programu ya Nabiha, nyingine ya kampuni. Nilikuwa nikitafuta tofauti. Zote zilisema leo ni Jumatano. Sikuona ajabu. Kwangu mimi Jumatano imeshaingia. Jua limetua, siku imegeuka, ndivyo tulivyolelewa. Nimefika mlangoni, natafuta viatu, ndipo liliponijia. Wenzetu wa Nairobi siku huigeuza saa sita ya usiku! Ni nani aliyewafunza wao kwamba usiku hutangulia mchana wake?

Sikupita nyumbani. Nimekwenda moja kwa moja kwa Nabiha, nikamwuliza kwa nini jambo hili hakulitaja katika hati ya kiapo. Akanitazama kama niliyepotewa na akili.

"Ami Taib, kwani siku yageuka saa ngapi?"

Aliipanga hivyo kwa ajili ya bibi yake, ili usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua, simu imkumbushe kusoma Yasini. Hakudhani ni jambo la kusema mahakamani. Wala mimi sikudhani kuliuliza — wakili mzima, mzaliwa wa hapa hapa!

Jumatano, 5 Novemba

Jioni nimempigia Fariha, binti yangu aliyeolewa Kisumu, nikamwomba aifungue programu ya kampuni. Akacheka. Yamwambia Alhamisi imeingia, naye jua alilitazama, bado liko juu ya ziwa.

Allahu akbar. Hata Kisumu, siku yao yageuka kwa machweo ya Mombasa! Nabiha aliiandika kwa ajili ya mji huu tu.

Na bado. Wateja wa kampuni wamelalamika hadharani kwamba tarehe yabadilika jioni. Kampuni imewaomba radhi, ikawaahidi kuirekebisha kasoro hiyo. Kasoro! Hawajui walichokichukua.

Nimeyapitia maswali yangu chumbani, kwa sauti, mbele ya kabati. Mwanakhamis, mke wangu, akauliza toka jikoni kama kabati limeshakiri au bado. Nikamjibu kwamba ni shahidi mkaidi. Akasema basi nalo lipumzishwe, samaki wapoa.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama. Tu katika mapumziko.

Shahidi wao ni Dishon, mwandishi mkuu wa programu wa kampuni. Nimeanza kwa utulivu, kama mtu asomaye Kurani kwa tajwidi, kila herufi na haki yake. Je, kila mstari ameuandika yeye? Naam. Upo asioujua kazi yake? Hakuna. Nikaufunga mlango huo. Na hii siku kugeuka jioni? Akasema ni kasoro, saa ya seva iliyo ng'ambo. Kaizar akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nikampa simu. Nikamwomba mahali apaweke Kisumu, kisha Garissa, kisha Nairobi, na kila mara aisogeze saa. Siku ikageuka wakati ule ule. Nikamwomba aweke mwezi wa Februari. Wakati ukasogea — sawasawa na jua la hapa.

"Bwana Dishon, ni kasoro gani hii inayojua jua la Mombasa latua saa ngapi?"

Kaizar akainuka kupinga, Jaji akamkalisha. Nikaleta salawati kimoyomoyo. Ndipo Jaji, mama wa bara aliyekuwa akiandika muda wote, akaweka kalamu akamwuliza mwenyewe: mstari huo ulitoka wapi?

Dishon akaomba maji. Akanywa, akaomba tena. Jaji akatoa mapumziko, akamwonya shahidi kwamba yu chini ya kiapo, asizungumze na mtu kuhusu kesi.

Nimeswali adhuhuri, nimerudi. Nabiha nimemketisha mbali. Kaizar yuko mwisho wa ukumbi, simu sikioni, mkono kinywani.

Na Dishon amenijia. Peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akainama. "Mzee, mtu akisema ukweli aliokatazwa na mwajiri wake, atafungwa?"

Ya Rabbi! Jibu nalijua, liko ulimini. Lakini mimi ni wakili wa upande wa pili. Neno langu moja, na ushahidi wake wote utaitwa wa kufundishwa. Nabiha ataangamia kwa huruma yangu. Na itanipasa nimweleze Jaji kwamba mtu huyu alinijia. Nimetikisa kichwa tu, nikaifungua shajara. Hajaondoka. Ameketi mwisho wa benchi, mikono magotini, nami naandika nisije nikasema.

Karani amefungua mlango. Dishon ameinuka kabla hajaitwa, ametangulia kwenda kizimbani.